Ritifaa ya Ng'ombe: Namba Zilizo Nyuma ya Herufi Tunazoandika

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, wanafunzi, na nyote mliotenga muda wenu kuja kusikiliza habari za herufi: asanteni sana, nami nitajitahidi muda huo usipotee bure.

Naomba mliangalie neno hili hapa ukutani.

ngâ€™ombe

Nililikuta miaka kadhaa iliyopita kwenye faili nililopewa nilisafishe. Faili lenyewe lilikuwa orodha ya maelfu ya maneno ya Kiswahili, kazi iliyokula miaka ya watu, na kila palipokuwa na ng' pamekaa uchafu huo mnaouona: a yenye kofia, alama ya yuro, kisha vile viherufi viwili vya juu vinavyowekwa kwenye majina ya biashara. Ng'ambo, ng'aa, ng'oa, ng'atuka, yote yalikuwa yameharibika kwa namna ileile moja. Aliyenipa faili alikuwa na hakika kwamba kompyuta yake imeingiwa na virusi. Haikuwa na virusi. Kila mashine iliyoligusa faili lile ilifanya kazi yake sawasawa, bila kosa hata moja la hesabu, na bado neno likaharibika. Ningependa kabla hatujaachana kila mmoja wetu aweze kulieleza tukio hilo kwa kalamu na karatasi. Hesabu yake ni ya kujumlisha na kugawanya tu, na ndani yake mna habari nzima ya jinsi maandishi yanavyoishi kwenye kompyuta.

Jambo la kwanza ambalo wengi wetu hatukuwahi kuambiwa waziwazi ni kwamba ndani ya kompyuta hamna herufi. Hamna hata moja. Mna vijisehemu vidogo mno ambavyo ama vina chaji ama havina, na hali hizo mbili tumezoea kuziandika kama moja na sifuri. Kila kimoja tunakiita biti. Biti nane zikikaa pamoja ni baiti, na baiti moja inaweza kukaa katika hali 256 tofauti, basi. Ukibonyeza kitufe cha A kubwa, kinachohifadhiwa ni namba 65. Baadaye programu nyingine inaikuta hiyo 65, inakwenda kwenye fonti kuuliza 65 inachorwaje, kisha inawasha nukta kadhaa kwenye skrini. Jicho lako likaona A. Kati ya kidole na jicho A haikuwepo popote.

Na kwa nini 65? Hakuna kitu chochote katika umbo la A, wala katika sauti yake, kinachoivuta kwenye 65. Watu walikaa wakapatana. Naomba mlishike neno hilo, mapatano, maana ndilo kiini cha yote nitakayosema. Namba bila mapatano haisemi kitu, na pande mbili zikiwa na mapatano tofauti, kila upande utasoma kwa uaminifu kamili kitu ambacho mwenzake hakukiandika.

Mapatano haya yameanza kabla ya kompyuta. Mwaka 1874 Mfaransa Émile Baudot alijipatia hataza ya mtambo wa telegrafu uliotuma kila herufi kwa ishara tano, kila ishara ipo au haipo. Ishara tano zinatoa michanganyiko 32, na hapo papo hapo akakutana na tatizo ambalo litaturudia jioni yote: herufi 26, tarakimu kumi, na alama za uakifishi haziingii kwenye nafasi 32. Suluhisho likawa kuweka ishara maalumu inayosema: kuanzia hapa nisomeni kama tarakimu, na nyingine inayosema: sasa rudini kwenye herufi. Kwa hiyo ishara zilezile tano zilikuwa na maana mbili, kutegemea kilichotangulia. Ishara ya kubadili ikipotea njiani, kila kilichofuata kilisomwa vibaya hadi ishara nyingine ije. Ng'ombe wangu wa ukutani ana ukoo mrefu.

Kompyuta zilipoenea, kila mtengenezaji alikuja na orodha yake ya namba. Maandishi ya mashine hii hayakusomeka kwenye mashine ile. Marekani wakaunda kamati, na mwaka 1963 ikatoka orodha iitwayo ASCII: biti saba kwa kila alama, nafasi 128. Toleo hilo la kwanza halikuwa na herufi ndogo. Hizo zilipewa nafasi zake rasmi katika toleo la 1967. Mwaka 1968 Rais Lyndon Johnson akaagiza kwamba kompyuta zitakazonunuliwa na serikali ya Marekani ziwe na uwezo wa kutumia ASCII. Mnaona jambo lenyewe lilivyo: orodha ya herufi na namba ilifika hadi mezani kwa rais.

Nami naipenda orodha ile, kwa sababu imepangwa na watu waliofikiri. Tazameni:

A  1000001
a  1100001

Hiyo ni 65 na 97. Kati ya A kubwa na a ndogo ni biti moja tu imebadilika, ile yenye thamani ya 32. Ndivyo ilivyo kwa B na b, kwa Z na z, kwa zote. Programu inayotaka kugeuza herufi kubwa kuwa ndogo haihitaji jedwali. Inageuza biti moja, imemaliza. Tena ukizitazama biti tano za mwisho za A utaona 00001, yaani moja, na za B utaona mbili, na kuendelea hivyo hadi Z ambayo ni 26. Tarakimu nazo zinaanzia 48: alama ya sifuri ni 48, alama ya tano ni 53, na biti nne za mwisho za 53 ni 0101, ambayo ndiyo tano yenyewe.

Hapa nisimame kidogo, maana pana tofauti inayowapoteza watu kila siku. Tano ya kuhesabia ni namba 5. Tano ya kuandika ni alama, na namba yake ni 53. Programu ikiambiwa ijumlishe 2 na 3 za kuhesabia, itatoa 5. Ikiambiwa iunganishe 2 na 3 za kuandika, itatoa 23. Ndiyo maana namba za simu zinazoanza na sifuri hupoteza ile sifuri zikiingizwa kwenye jedwali: programu imedhani umeingiza kiasi cha kuhesabu, na kiasi hakina haja ya sifuri mbele. Namba ya simu ni maandishi yanayovaa tarakimu, na ihifadhiwe hivyo.

Katika zile nafasi 128 za ASCII, 33 hazichorwi. Ni amri. Namba 7 ilikuwa inapiga kengele kwenye mtambo wa upande wa pili. Namba 10 inashusha karatasi mstari mmoja, na namba 13 inarudisha kichwa cha mashine mwanzoni mwa mstari. Hadi leo Windows huandika zote mbili mwishoni mwa mstari ilhali Linux huandika 10 peke yake. Na namba 127, kufuta, ina sababu ninayoiona nzuri sana. Maandishi yalitobolewa kwenye utepe wa karatasi, na tundu likishatobolewa halizibiki. Ukikosea unafanyaje? Unarudisha utepe nyuma na kutoboa matundu yote saba mahali palipo na kosa. Matundu yote saba ni 1111111, yaani 127, na kila mashine ilipatana kwamba ikikuta hivyo iruke. Namba ile ilitokana na karatasi.

Basi ASCII ina herufi gani? A hadi Z. Kiswahili kwa herufi za Kilatini hakitumii alama za juu wala za chini ya herufi, kwa hiyo kila tulichoandika kilitosha ndani ya nafasi 128 tangu siku ya kwanza. Hatukuomba, hatukupigania; ilitokea hivyo. Kwa sababu hiyo sisi tunaoandika Kiswahili ni rahisi kudhani kwamba jambo hili lilikuwa limekwisha mwaka 1963. Kwa Mfaransa mwenye é halikuwa limekwisha. Kwa Mgikuyu mwenye ĩ na ũ halikuwa limekwisha. Kwa Mrusi, Mgiriki, Mwarabu, Mhindi na Mchina lilikuwa halijaanza.

Njia ya kwanza waliyojaribu watu wa Ulaya ilikuwa kunyang'anya nafasi. Wasweden walichukua namba za mabano na alama kadhaa za ASCII wakaziandikia å, ä na ö. Majina yao yakasomeka vizuri. Lakini mwandishi wa programu, ambaye mabano ndiyo chombo chake cha kazi, aliona kwenye skrini yake ä na å mahali pa mabano, akazoea kusoma hivyo.

Njia ya pili ilikuwa biti ya nane. Baiti ina biti nane na ASCII inatumia saba. Ukiitumia ya nane unapata nafasi nyingine 128. Kila mtu akaziona zile nafasi tupu, kila mtu akazijaza kwa mapatano yake. Chukueni namba 233. Katika orodha ya Ulaya Magharibi, 233 ni é. Katika orodha ya Kigiriki ni ι. Katika orodha ya Kiebrania ni י. Warusi peke yao walikuwa na orodha kadhaa: katika moja 233 ni И, katika nyingine ni щ, katika ya tatu ni й. Faili ni lilelile, baiti ni ileile, na hakuna alama yoyote ndani ya faili inayosema ni orodha gani iliyotumika. Wajapani, waliokuwa na mifumo yao mitatu inayogongana, waliyapa maandishi yaliyoharibika jina ambalo sasa linatumika dunia nzima: mojibake.

Ile orodha ya Kirusi yenye И iliitwa KOI8, na walioibuni walikuwa na busara ninayopenda kuisimulia. Walijua kwamba mitambo mingi ya njiani ingeikata biti ya nane. Wakapanga herufi za Kirusi ili biti hiyo ikikatwa kibaki kitu kinachosomeka. 233 ukiitoa 128 unapata 105, na 105 katika ASCII ni i. И ikikatwa inakuwa i, na sauti ni ileile. Barua nzima ya Kirusi ikikatwa inabaki Kirusi kilichoandikwa kwa Kilatini, herufi kubwa na ndogo zimebadilishana tu. Bei waliyolipa ni kwamba herufi zao hazikukaa kwa mpangilio wa alfabeti yao. Walichagua kusomeka.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 Joe Becker wa Xerox, pamoja na Lee Collins na Mark Davis wa Apple, walianza kusukuma wazo jingine: orodha moja ya dunia nzima, ambamo kila herufi ya kila maandishi ina namba yake na haigawani na mwenzake. Wakaiita Unicode. Shirika la kuisimamia liliandikishwa Januari 1991 na toleo la kwanza likatoka mwaka huohuo. Walianza kwa kudhani kwamba biti 16, yaani nafasi 65,536, zitatosha watu wote. Hazikutosha, na toleo la 1996 likafungua nafasi hadi 1,114,112. Kufikia Septemba 2024, toleo la 16 lilikuwa limeshagawa namba kwa alama 154,998.

Tuelewane vizuri kuhusu kinachopewa namba. Ni herufi, si picha yake. Herufi ya Kiarabu ب ina namba moja, 1576, ingawa inapoandikwa mwanzo wa neno, katikati, mwishoni au peke yake inachukua maumbo tofauti. Kuchagua umbo ni kazi ya fonti na programu ya kuchora. Kwa upande wa pili, a ya Kilatini na а ya Kirusi zinafanana hata kwa darubini, lakini moja ni 97 na nyingine ni 1072. Wezi wa mtandaoni wanalijua hilo. Wameandikisha anwani zenye herufi moja ya Kirusi katikati ya jina la kawaida, na jicho haliwezi kuona. Kompyuta inaona, maana haikuwahi kuangalia picha.

Na kupata namba si jambo la karatasi tu. Mwaka 1989, nchini Guinea, ndugu wawili waliokuwa bado vijana wadogo, Ibrahima na Abdoulaye Barry, walibuni herufi za kuandikia lugha yao ya Kifulani. Maandishi hayo yakaitwa Adlam, yakafundishwa, vitabu vikanakiliwa kwa mkono, watu wakavuka mipaka nayo. Lakini kwa kompyuta Adlam haikuwepo. Waliweza kutengeneza fonti iliyochora herufi zao juu ya namba za maandishi mengine, ila ukimtumia mtu asiye na fonti ile, anapata maandishi mengine yasiyo na maana. Hilo ndilo tatizo la kutokuwa na namba: unaazima za mwenzako, na mwenyewe anaporudi unaondoka. Adlam iliingia Unicode mwaka 2016, kuanzia namba 125,184. Miaka 27. Nikifikiria jinsi Kiswahili kilivyopata nafasi zake bila hata kuuliza, naona ni wajibu wetu kuijua habari hiyo.

Sasa tumpate ng'ombe wetu. Unicode inasema alama fulani ni namba fulani. Haisemi namba hiyo ikae vipi kwenye baiti. Baiti moja inafika 255 tu. Namba 8217 ikae wapi? Ungeweza kuipa kila herufi baiti nne, lakini maandishi ya kawaida yangekuwa makubwa mara nne, na yangejaa baiti za sifuri, ambazo programu nyingi za zamani zilizitafsiri kama mwisho wa maandishi. Septemba 1992, Ken Thompson na Rob Pike walikaa kwenye mkahawa mmoja huko New Jersey, na Thompson akachora suluhisho kwenye karatasi ya kuwekea sahani. Ndilo UTF-8, na leo kurasa nyingi mno za intaneti, zaidi ya asilimia 95, zimeandikwa hivyo.

Kanuni yake ni hii. Baiti inayoanza na 0 ni ASCII ya zamani, isomeke kama ilivyo; kwa hiyo A bado ni 65 kwa baiti moja, na faili la ASCII la mwaka 1970 ni UTF-8 halali bila kuguswa. Baiti inayoanza na 110 inasema: herufi hii ina baiti mbili. Ya 1110 inasema tatu. Ya 11110 inasema nne. Na kila baiti ya kufuatia inaanza na 10. Uzuri wake upo hapo: ukidondokea katikati ya faili popote, ukaikuta baiti inayoanza na 10, unajua uko katikati ya herufi, rudi nyuma hatua moja, mbili au tatu utakuta mwanzo wake. Ule ugonjwa wa Baudot, wa kupotea hadi ishara nyingine ije, umepona.

Tuihesabu pamoja. Mwandishi wa orodha yangu alichapa ng'ombe kwenye programu ya kuandikia barua. Kibodi ilitoa ritifaa iliyonyooka, namba 39. Programu, kwa nia njema ya kupendezesha, ikaibadilisha kimyakimya kuwa ritifaa iliyopinda, namba 8217. Kwa sifuri na moja, 8217 ni 0010 0000 0001 1001. Namba kubwa hiyo inahitaji baiti tatu, kwa hiyo tunazigawa biti zake kumi na sita: nne, sita, sita.

0010   000000   011001

Tunaweka vichwa vyake: 1110 mbele ya kipande cha kwanza, 10 mbele ya vile viwili.

11100010   10000000   10011001

Yaani 226, 128, 153. Hizo baiti tatu zikahifadhiwa, na zilikuwa sahihi kabisa. Kisha faili likafunguliwa na programu nyingine iliyodhani kwamba hili ni faili la orodha ya zamani ya Windows kwa Ulaya Magharibi, ambamo kila baiti ni herufi moja. Ikaangalia 226: â. Ikaangalia 128: €. Ikaangalia 153: ™. Ikachora zote tatu. Hakuna aliyekosea hesabu. Kilichokosekana ni mtu wa kusema mapatano ni yapi.

Kuna la kutia moyo hapo. Maandishi ya namna hii yanaonekana yamekufa, kumbe yapo yote. Baiti ziko salama. Ukiyasoma upya kwa mapatano sahihi yanarudi mazima. Hatari inaanza pale mtu anapoona uchafu ule, akauhifadhi tena kama UTF-8. Sasa kila moja ya alama zile tatu inageuzwa kivyake, baiti tatu zinakuwa nane, na ukifungua tena vibaya unapata ngÃ¢â‚¬â„¢ombe. Hata huyo anaokoleka, kwa kurudi hatua mbili. Asiyeokoleka ni ng?ombe. Alama ya kuuliza maana yake ni kwamba programu haikupata pa kuiweka herufi, ikaitupa na kuacha jiwe la kaburi. Kwa hiyo ukikuta yuro na kofia, usianze kufuta kwa mkono; mwite mtu. Ukikuta alama za kuuliza, tafuta nakala ya zamani.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwa kweli ndilo lililonileta. Nimesema Kiswahili kilitosha ndani ya ASCII. Kilitosha, isipokuwa mahali pamoja. Ng' ni sauti kamili, konsonanti moja, na sehemu ya tatu ya maandishi yake tumeiazima kutoka kwenye uakifishi. Kompyuta haijui kwamba hiyo ni sehemu ya herufi. Kwa hiyo kuna namba ngapi za kuandika ile alama moja? Katika mafaili niliyopitia nimekutana na 39, iliyonyooka. Na 8217, iliyopinda. Na 8216, iliyopinda kinyume. Na 96, ile iliyolala upande wa kushoto wa kibodi. Na 180, ambayo kwa asili ni mkazo wa herufi za Ulaya. Na mara moja moja 700, ambayo Unicode imeiweka mahsusi kwa ritifaa iliyo herufi. Namba sita kwa sauti moja. Kwa macho zinakaribiana; kwa kompyuta ng'ombe aliyeandikwa kwa 39 na ng’ombe wa 8217 ni maneno mawili yasiyojuana. Unatafuta neno kwenye hati ndefu, unaambiwa halipo, nawe uliliona ukurasa uliopita.

Mwenye ng' katika jina lake anayajua haya kuliko mimi. Jina lake limo kwenye daftari la kompyuta kwa ritifaa moja, anatafutwa kwa nyingine, anaambiwa hajasajiliwa. Au anajaza fomu inayokataa jina kwa sababu lina alama isiyoruhusiwa. Hii ni kwa kuwa lugha inayotumika kuuliza hifadhidata, SQL, hutumia namba 39 kufungia maandishi, na mwandishi wa programu aliyeogopa hilo akaona njia fupi ni kukataza alama yenyewe. Njia fupi hiyo inamnyima mtu jina lake, na dawa ya kweli inajulikana na kila anayeandika programu kwa uangalifu.

Ziko hasara nyingine ndogondogo. Ujumbe mfupi wa simu hubeba baiti 140. Kwa orodha ya biti saba inayotumika kwenye simu, hizo ni herufi 160. Ritifaa ya 39 imo kwenye orodha hiyo. Ya 8217 haimo. Ingiza ritifaa moja iliyopinda, na ujumbe wote unahamia kwenye biti 16 kwa kila herufi, nafasi zinashuka kutoka 160 hadi 70. Ritifaa moja imekula zaidi ya nusu ya barua yako.

Nimeulizwa mara nyingi: basi ipi ndiyo sahihi? Kwa nadharia ni 700, kwa kuwa programu zinazofuata Unicode zinaihesabu kama herufi na hazitalikata neno vipande viwili, ng huku na ombe kule. Lakini hakuna kibodi ya kawaida inayoitoa, na kwenye ujumbe mfupi inaleta hasara ileile. Msimamo wangu, na niko tayari kusikia wa mwingine, ni kwamba tuhifadhi 39, kwa sababu ndiyo iliyo chini ya kidole cha kila mtu, na programu zetu za kutafuta na kukagua tahajia zizitambue zote sita kama kitu kimoja. Iliyopinda ibaki kwa mpangaji wa kitabu, siku ya kupeleka mtamboni, pale inapohitajika kwa uzuri.

Na lugha yenyewe inatusaidia kuifanya kazi hii bila kubahatisha. Ukigeuza kila 8217 kuwa 39 kijinga, utaharibu alama za nukuu zinazofunga maneno ya watu. Lakini neno la Kiswahili haliishii na ng. Kwa hiyo ukikuta n, kisha g, kisha mojawapo ya zile namba sita, kisha irabu au w, hapo hapana shaka hata kidogo kwamba hiyo ni konsonanti yetu. Kanuni ya mstari mmoja.

Ndivyo nilivyolifanyia faili lile. Nililisoma upya kama UTF-8, zile kofia na yuro zikapotea kwa mara moja. Nikapitisha kanuni ya ng na irabu, ritifaa zote zikawa 39. Kisha nikafungua kisanduku cha kutafutia, nikachapa neno la kwanza lililonijia, ng'amua, na likapatikana.